Mwambie Umetumwa na Mbuvi

Mbuvi alikutwa amekufa ndani ya lori lake asubuhi na mapema, ameinamia usukani, kisogo kimepasuka. Wachungaji wa Ahmednur, tajiri wa mifugo, walikuja kupakia mbuzi wa kupeleka Nairobi. Wakamwita dereva, dereva kimya. Mmoja akapanda ngazi ya lori, akamgusa bega, akashuka mbio bila hata kufunga mlango.

Inspekta Ndolo alipofika Kyuso kutoka Mwingi, uwanja wa soko ulikuwa umejaa watu. Hakuna aliyeuza, hakuna aliyenunua. Ndolo aliingiza kichwa ndani ya lori. Mwili ulikuwa umekakamaa, kwa hiyo mtu huyu aliuawa jana yake, pengine jioni. Mfuko wake haukuguswa, saa yake ilikuwa mkononi. Basi muuaji hakuwa mwizi.

Kitu kimoja kilimshika macho. Vumbi la Kyuso lilikuwa limefunika dashibodi yote, na juu ya vumbi hilo mtu alikuwa amechora kwa kidole: mstari mrefu, kona, mstari mfupi, kisha duara dogo. Ncha ya kidole cha marehemu ilikuwa na vumbi. Ndolo aliichora michoro hiyo kichwani mwake vizuri, kisha akashuka.

Sajini Nzuki wa kituo cha pale alikuwa anamsubiri, kifua mbele. Kwake yeye kesi ilikwisha kabla ya chai. Mchi wenye damu na nywele ulikutwa umeegemezwa ukutani kwa hoteli ya Syombua, na Syombua mwenyewe alikuwa tayari ndani ya seli.

"Soko zima lilimsikia akisema atamziba huyu mtu mdomo, afande," alisema Nzuki. "Tungoje nini tena?"

Sasa ni lazima ujue mdomo wenyewe. Mbuvi alikuwa akipeleka mbuzi Nairobi na kurudi, na kila akirudi alikaa kwenye benchi la nje la hoteli ya Abdiya, akasimulia alichokula. Basi! Kazi yake ilikuwa hiyo, na hakuna aliyemzidi. Atakwambia usiingie pale penye taa nyingi, utakula sahani tupu. Nenda kwa Mhindi wa kona, sambusa zake zinalia mdomoni. Pilau ni kwa yule mama wa Pumwani, lakini fika kabla ya adhuhuri, la sivyo utapata ukoko. Mbavu za mbuzi, mwambie mchomaji asikukatie, akupe nzima. Na mwisho wa kila sifa aliongeza neno lake lile lile: "Mwambie umetumwa na Mbuvi. Atakuongezea."

Na waliongezewa kweli! Hakuna mtu wa Kyuso aliyesafiri kwenda mjini bila kupitia kwa Mbuvi kwanza. Hata wasiosafiri walikuja. Ulikuwa mwaka wa elfu moja mia tisa themanini na nne, mwaka wa mahindi ya manjano ya msaada, mahindi yasiyoiva hata ukiyabembeleza. Watu walikaa chini, wakamsikiliza Mbuvi, wakameza mate, wakaenda kulala. Wewe ukicheka, cheka. Hukuwa Kyuso mwaka ule.

Ubaya ni kwamba Mbuvi alihukumu na hoteli za nyumbani. Chai ya Abdiya na anjera zake, ile mikate laini ya Kisomali, alizisifu mpaka Abdiya akaongeza benchi. Mchuzi wa Syombua alisema ni mwepesi, unaweza kusoma gazeti kupitia ndani yake. Watu walicheka kwa Syombua, wakanyanyuka, wakahamia jirani.

Ndolo alimtoa Syombua kwenye seli, akamkalisha kwenye kiti. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, macho mekundu. Alijua vizuri kesi ya kuua haina dhamana, na mwisho wake ni kitanzi.

"Mchi ni wako?"

"Ni wangu."

"Unauweka wapi?"

"Nje, ukutani. Kila mtu anaushika. Hata mbuzi wanajikuna nao."

"Ulisema utamziba Mbuvi mdomo."

"Nilisema. Ningemziba na ugali, Inspekta."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

Syombua alisema alikuwa ndani ya hoteli yake, peke yake, anachungulia benchi za Abdiya kupitia ufa wa mlango. Hakuna shahidi. Nani angekuwepo, na wateja wote wako huko?

"Nilimwonea Abdiya wivu mpaka chakula changu mwenyewe kikanishinda kumeza," alisema. "Sitakudanganya. Lakini mimi nilitaka wateja wangu warudi. Maiti hali chakula."

Ndolo alimwamini, ingawa kuamini si ushahidi. Aliuchukua mchi, akaupeleka juani. Juu kidogo ya pale penye damu, mahali pa kushikia, kulikuwa na unga wa buluu umeingia kwenye nyufa za mti. Nzuki alisema ni chaki ya ubao wa Syombua, ule wa kuandikia bei. Ndolo akaenda kuutazama ubao. Ulikuwa umeandikwa kwa chaki nyeupe, na nyeupe tu.

Halafu kulikuwa na ile michoro. Ndolo aliifikiria akinywa chai ya Abdiya, ambayo, lazima tuseme ukweli, ilistahili kila sifa. Mbuvi alikufa akimwelekeza mtu njia. Na Mbuvi hakuwa akielekeza watu kanisani. Mtu aliyemwua alikuwa amekuja kumwuliza mahali pa kula, na Syombua angekufa kwa njaa kabla ya kumwuliza Mbuvi swali kama hilo.

"Jana alisifu hoteli gani?" Ndolo alimwuliza Abdiya.

Abdiya aliweka birika chini. Alisema ilikuwa hoteli mpya, ya mama mmoja Mkamba, na Mbuvi alikuwa hajawahi kusifu kitu namna ile. Ni muthokoi, mahindi yaliyotwangwa mpaka maganda yakatoka, amepika na mbaazi, kitunguu kimekaangwa kwa mafuta ya mbuzi. Kisha huyo mama anachukua ndengu alizokaanga kavu na kuzisaga, ananyunyiza juu, na harufu yake inakufuata mpaka mlangoni. Abdiya mwenyewe, mtu wa anjera, alimeza mate akisimulia.

"Watu walifanya nini?"

"Walinyamaza wote. Hata cherehani ilinyamaza."

"Cherehani gani?"

"Ya fundi Musembi, hapo ng'ambo. Hiyo hailali kutwa nzima. Jana ikanyamaza ghafla, nikafikiri imeharibika."

Ndolo alivuka njia. Musembi alikuwa mshonaji wa nguo aliyekaa kwenye veranda ya duka, mwembamba, nadhifu, kiongozi wa kwaya kanisani. Mezani kwake palikuwa na mkasi, futi, na kipande bapa cha chaki ya buluu.

"Ulimsikia Mbuvi jana, fundi?"

"Mimi nikishona sisikii kitu, Inspekta."

"Una safari ya Nairobi hivi karibuni?"

"Nitafute nini Nairobi?"

"Na mama wa nyumbani? Sijamwona."

"Yuko kwao Kalamba. Anamwuguza mama yake."

"Tangu lini?"

"Mama ni mgonjwa sana," alisema Musembi, akakanyaga cherehani kwa nguvu.

Jibu hilo halikuwa la swali lile. Lakini chaki peke yake ingechekwa mahakamani; Syombua mwenyewe alishonewa aproni pale, angeweza kuipata mkononi. Ndolo alipiga simu ya kituo mpaka mji wa Wote, akaomba polisi wa huko wamwulize chifu wa Kalamba. Jibu lilikuja kesho yake. Mama mkwe wa Musembi alikuwa kaburini miaka mingi, na bintiye Kaluki, mke wa fundi, hakuonekana huko hata kwa kupita.

Sajini Nzuki alishangaa Inspekta alipoaga kwamba anakwenda Nairobi kula.

Alishuka kwenye stendi, pale maelekezo yote ya Mbuvi yalipoanzia, akaifuata ile michoro ya vumbi: mstari mrefu, kona, mstari mfupi. Mahali pa duara palikuwa na kibanda cha mabati, watu wamebanana. Harufu ya ndengu ilimpokea nje. Mwanamke mrefu aliyefunga leso kichwani alikuwa akipakua, na wanaume wanamtazama mikono kana kwamba wako ibadani.

"Nimetumwa na Mbuvi," alisema Ndolo.

Mwanamke akacheka, akarudisha upawa kwenye sufuria, akaongeza. Ndolo alikula. Loo! Alikula mpaka akawaonea kijicho wale wanaokaa jirani na kibanda kile, watu wa kula hivi kila siku, huku yeye akitafuna mahindi ya manjano. Alipomaliza, akatoa kitambulisho chake.

"Wewe ni Kaluki wa fundi Musembi?"

Mwanamke hakucheka tena. Waliongea mpaka wateja wakaondoka wote. Aliyoyasema nitayaweka kwa sasa, mahali pake panakuja. Ndolo alipoinuka, aliomba muthokoi kidogo wa kubeba. Kaluki akajaza sufuria ndogo, akaifunga kwa leso yake mwenyewe.

Musembi aliletwa kituoni Kyuso, akakaa wima, mikono magotini. Ndolo hakumwuliza kitu. Alipasha chakula moto kwenye jiko la Nzuki, akakipakua, akafungua karatasi ya ndengu zilizosagwa, akanyunyiza. Kisha akalisukuma bakuli mbele yake.

Musembi aliiangalia leso kwanza. Halafu harufu ikamfikia, na uso wake ukabomoka.

"Umeonana naye," alisema.

"Nimeonana naye. Sasa niambie wewe."

Alisema. Kaluki alitaka kupika chakula cha kuuza hapo sokoni, yeye akakataa. Hakuweza kuvumilia kufikiria wanaume wengine wakila kutoka mkono wa mke wake, wakimsifu, wakirudi kesho. Siku moja alipiga teke sufuria iliyokuwa motoni, chakula chote kikamwagika. Asubuhi Kaluki hakuwepo. Musembi akatunga uongo wa Kalamba, kwa sababu atasimamaje mbele ya kwaya na mke amemkimbia?

"Hizo ndengu ni za nyanya yake," alisema. "Hakuna mwingine anayezijua. Mbuvi alipozitaja, Inspekta, nilikuwa kama mtu aliyevuliwa nguo. Anameza mate mbele ya watu, anasifu mikono yake! Chakula changu kile. Mimi nilikuwa nakula bila kusema kitu, na yeye anakitangaza."

"Ukamfuata."

"Wakati wa magharibi. Kina Ahmednur wako msikitini, wengine wamekwenda kwao. Nilipita kwa Syombua, nikaubeba ule mchi, sijui nilitaka nini nao. Nilisimama kwenye ngazi ya lori, nikamwuliza hoteli iko wapi. Nilijiambia labda nitakwenda tu, nimchukue mke wangu. Kweli nilijiambia hivyo."

"Kisha?"

"Akafurahi. Alikuwa anafurahi sana ukimwuliza njia. Akainama, akachora kwenye vumbi, hakuniangalia hata." Musembi alifuta uso. "Akasema, 'Ukifika, mwambie umetumwa na Mbuvi. Atakuongezea.' Mimi! Nijitambulishe kwa mke wangu kwa jina la mwanamume mwingine!"

Nzuki, aliyekuwa akiandika, aliinua kalamu.

"Alikuwa mtu wake?" Musembi aliuliza mwishowe. "Niambie tu. Alikuwa mtu wake?"

Ndolo angeweza kunyamaza. Kazi yake ilikwisha, maungamo yako kwenye karatasi. Lakini alikuwa amemwahidi Kaluki.

"Alikuwa mteja. Alikula huko mara moja tu, siku ile kabla hajarudi. Mkeo alisikia kwamba ni dereva wa Kyuso, akamwuliza kama kuna fundi anayeshona ng'ambo ya hoteli ya Abdiya. Mbuvi akasema yupo, na hakosi kumsikia akisimulia. Ndipo mkeo akampakulia tena, bure, akamwomba akirudi asifu hicho chakula benchini, kwa sauti. Asisahau ndengu."

Musembi alimkodolea macho.

"Alijua utazitambua," alisema Ndolo. "Alitaka uje, ukae kwenye benchi kama watu wengine, ule, useme kama ni kitamu. Baada ya hapo mngeongea. Amekuwekea mahali tangu siku ile."

Nje, Syombua alikuwa ameachiliwa na alisikika akimwuliza askari wa zamu kwa ukali nani atamlipa mchi wake. Ndani, fundi Musembi alilivuta bakuli karibu. Alikula polepole, kwa mkono, hakuacha hata punje, na Ndolo aliwazuia wasimfunge pingu mpaka amalize. Alipomaliza alisema, kwa sauti ya chini, kwamba kilikuwa kitamu, na akaomba Inspekta amfikishie mkewe neno hilo.