Koti la Fundi Betri

Kila jioni fundi wa betri za magari alirudi nyumbani hoi, na kila jioni bintiye alimrukia. Walimwita Chiriku, maana mdomo wake haukupumzika. Alimvua baba koti la kazi, akajifunika gubigubi, akalala. Fundi alijisikia raha, weee!

Lakini mwaka huo Chiriku aligeuka pilipili. Akawa anapiga wenzake. Mwisho akamng'ata mmoja sikio. Mwalimu akasema wazi: akirudia, atafukuzwa shule.

"Samaki mkunje angali mbichi," alisema bibi yake mtoto. "Fimbo tu!"

Fundi akamchapa. Mtoto akazidi. Baba wa watu akabaki na uchungu moyoni.

Tumbo nalo likawa linamsokota mtoto, wazazi wakampeleka zahanati. Muuguzi akamgeukia baba. "Unafanya kazi gani?"

"Nafungua betri kuukuu, nayeyusha madini ya risasi yaliyomo."

"Na nguo za kazi?"

"Narudi nazo. Huyu hujifunika koti langu akilala."

"Masikini! Ndugu yangu, vumbi la madini hayo ni sumu. Mtoto hulimeza, likafika ubongoni. Linaweza kumfanya mkali, mgomvi, mzito wa kujifunza. Tutampima damu. Asubuhi anakula?"

"Hukimbilia shule na njaa yake," mama akajibu.

"Tumbo tupu hunyonya sumu zaidi. Mpeni maharagwe, mboga za majani, maziwa."

Majibu ya damu yalipotoka, sumu ilikuwamo. Fundi akashika kichwa. "Kumbe nilimchapa kwa sababu ya sumu niliyomletea mwenyewe!"

"Hukujua. Sasa umejua. Haitoki kwa siku moja, na madhara mengine huweza kubaki. Anzeni leo."

Fundi akawa anaoga na kubadili nguo karakanani. Koti likabaki hukohuko. Chiriku akalililia, baba akajikaza. Mama akaacha kufagia pakavu, akapiga deki kwa maji. Bibi alinuna kidogo, kisha akawa wa kwanza kubandika sufuria asubuhi.

Miezi ikapita. Siku moja mwalimu akabisha hodi. Moyo wa fundi ukalipuka, pa!

"Kamng'ata nani tena?"

"Hakuna. Leo kasukumwa kwenye foleni ya maji. Akakunja ngumi, nami nikatoka mbio. Kabla sijafika, akaishusha, akaniita niamue."

Machozi yakamlenga fundi. Akamwita bintiye. "Mwanangu, nisamehe kwa zile fimbo."

Chiriku akafikiri. "Nimekusamehe, baba. Ila bibi naye aombe."