Taulo Chini ya Tairi la Akiba

— Buti usiliguse! Nitalisafisha mwenyewe!

Costel alifoka kutoka barazani, simu sikioni. Alikuwa akimwapia muuza magari kwamba mchana huohuo angempelekea gari lake kuukuu aina ya Dacia, aongeze pesa kidogo, aondoke na jipya la kubebea maharusi Jumapili.

Alichelewa. Smaranda, mchumba wake, alikuwa ameshainua tairi la akiba. Chini yake palikuwa na mfuko wa taulo mpya, kila moja imefungwa fundo lenye mshumaa. Moyo ukamlipuka paa! Mji mzima wa Bârlad unajua taulo hizo hugawiwa kwa jina la maiti, roho yake isikae gizani.

— Costel, umefiwa na nani?

— Za marehemu bibi yangu hizo. Tupa.

— Sadaka ya bibi yako tuliitoa kanisani, watu wakala wakashiba. Hii mbona imefichwa?

Costel alikata simu, akashuka ngazi polepole.

— Umeanza wivu wako.

Wivu alikuwa nao, tena mkali. Kila usiku mwanamume huyo alimtaja usingizini Viorica, mkewe wa kwanza, aliyemkimbia, kwa madai ya Costel, akaenda Italia.

— Viorica mara ya mwisho alikupigia lini?

— Juzi. Katutakia heri.

— Muongo! Usiku unamwambia, "Usilie, nitakuletea taa." Mimi mjinga nikadhani bado unampenda. Kumbe anakujia kudai sadaka! Mtu aliye hai anaombaje mshumaa, Costel?

Costel alifumba macho.

— Nilimsukuma mara moja tu. Akaangukia kisogo.

— Mungu wangu! Na mama yake Viorica anamtengea sahani kila Pasaka, akingoja arudi!

— Nipe ufunguo, mpenzi. Gari hili ndilo lililobeba maiti yake. Likiondoka, tunaanza upya.

Aliongea kwa upole uleule uliompumbaza Smaranda siku ya kwanza. Safari hii ulimtia baridi mwili mzima. Akachomoka, akajitupa ndani ya gari, akaifunga milango yote kwa ndani, akapiga simu polisi. Nje Costel aligonga kioo taratibu.

— Smaranda wangu... fungua tuzungumze.

— Polisi hapa. Kuna nini, mama?

— Kuna mwanamke ameuawa. Anaitwa Viorica.

— Aliyemuua unamfahamu?

Smaranda alimtazama kupitia kioo. Alikuwa akimpenda bado, na hilo ndilo lililomliza.

— Namfahamu. Jumapili alikuwa anioe.