Tairi Nilizochagua, Rafiki Niliyemfungisha

Nina miaka hamsini na tatu, mkulima wa kahawa karibu na Kanyakine na baba wa watoto sita. Kanisani wananiita mtu mwaminifu. Wasomaji wenzangu, laiti wangejua...

Wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya siku za Mau Mau, nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa dereva wa lori la mwenye duka mmoja mjini Meru. Lori lilikuwa moja, madereva wawili, tukienda kwa zamu: mimi na Nkonge wa Kangeta. Tulipeleka unga na chumvi mpaka Embu. Nkonge ndiye aliyenifundisha kushika usukani, na kwake nilikula kama mtoto wa nyumbani.

Mvua ndefu zilipokaribia, tairi zetu zilikuwa zimekwisha. Mwajiri akatutuma kwa fundi tukachague nyingine. Fundi alikuwa na aina mbili. Za kwanza zilikuwa na mistari ya kawaida, kama za malori yote ya njia ile. Za pili zilikuwa za meno makubwa, za kupanda milima yenye matope.

Nilizipenda hizo za meno mara moja! Nkonge alikataa.

"Murithi, hizi za mistari zinatosha," aliniambia. "Tukikwama tutafunga minyororo. Hizo za meno hakuna lori lingine linazo hapa. Siku hizi ni afadhali ufanane na wengine."

Nilimcheka. Nilimwambia amekuwa mwoga kama mzee. Nikabishana mpaka akachoka, akaniachia. Kweli, hatukukwama tena. Wengine walilala kwenye matope, sisi tulipita tukipiga honi. Nilivimba kichwa!

Kisha ikaja Alhamisi ile... Ilikuwa zamu ya Nkonge. Asubuhi nililetewa habari kwamba dada yangu Kanana ameshikwa na uchungu wa kuzaa tangu jana, na mtoto hatoki. Aliishi juu kabisa, karibu na handaki ambalo serikali ilichimba mpakani mwa msitu kuwazuia Mau Mau. Mume wake alikuwa ameingia msituni kupigana. Nani angemsaidia mke wa mtu kama huyo?

Nkonge hakusita. Alinipa ufunguo. "Chukua zamu yangu. Nenda umtoe dada yako."

Nilitoka kwenye barabara tuliyoruhusiwa, nikapanda njia ya ng'ombe ambayo lori lingine lisingeiweza. Nilimlaza Kanana juu ya magunia, nikamfikisha hospitali ya misheni. Jioni alijifungua mtoto wa kiume. Nililia kwa furaha.

Furaha hiyo haikumaliza siku mbili.

Jumamosi askari walikuja dukani. Walikuwa wameona alama za meno kwenye matope, mpaka ukingoni mwa handaki. Walisema lori limewapelekea chakula watu wa msituni. Walitupanga uani, mimi na Nkonge. Afisa akapiga tairi teke, akauliza kwa Kiswahili kibovu nani aliendesha Alhamisi.

Ningesema nini? Nikisema ukweli, watamkamata dada yangu na mtoto mchanga. Nikinyamaza, tutachukuliwa wote wawili. Nilijisikia kama mtu aliyefungiwa katika chumba kisicho na mlango!

Nikajibu, "Ilikuwa zamu ya Nkonge."

Na kweli ilikuwa zamu yake... Ndivyo nilivyojidanganya. Lakini wasomaji, sikusema hivyo kwa ajili ya dada. Niliogopa. Basi!

Nkonge alinitazama. Nilidhani atapiga kelele. Hakumtaja Kanana hata mara moja. Walimfunga mikono, wakampandisha garini.

Alikaa kizuizini miaka mitatu.

Miaka hiyo mitatu nami sikuwa huru. Ningeacha kazi, wangeuliza kwa nini. Ningekiri, ningefungwa. Kila siku niliendesha lori lilelile. Kila nilipofika Kangeta nilimwachia Karimi, mke wa Nkonge, unga na maharagwe. Alinishukuru huku akilia. Aliniita shemeji mwema. Watoto wake walinikimbilia! Kila shukrani ilinichoma... na bado sikusema.

Nkonge aliporudi alikuwa amekonda, anakohoa, hawezi tena kuendesha. Nilienda kwake nikapiga magoti. Akaniambia niinuke.

"Mke wangu hajui," alisema polepole. "Mimi sitamwambia. Utamwambia wewe."

Karimi alikuwa uani akichambua maharagwe. Nilimweleza yote, toka zile tairi mpaka neno langu mbele ya afisa. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho. Kisha akauliza swali moja tu:

"Hata siku ile niliposimama kanisani nikamwomba Mungu akubariki, ulikuwa umeketi pale, ukanyamaza?"

Aliwaita watoto waingie ndani, akafunga mlango.

Nkonge alifariki mwaka uliofuata kwa kile kifua. Karimi bado yuko hai. Tukikutana sokoni hupita kando yangu kana kwamba sipo. Simlaumu!

Ndugu zangu, dada zangu, nawasihi. Woga utakuja siku moja ukutake umtoe mwenzako ili wewe upone. Usikubali! Na kama umeshakubali, nenda ukaseme leo, kabla hujapokea shukrani nyingine usiyostahili. Mimi nilingoja miaka mitatu, na mlango ule haukufunguliwa tena.