Fundi Ambaye Jumanne Hakuwa na Kazi

Fundi alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya friji, miguu yake imetokeza katikati ya jiko, Mama Simu alipomuuliza jina ili aihifadhi namba yake. Fundi akataja majina yake yote matatu. Mama Simu akaweka kikombe mezani taratibu.

"Hebu rudia, mwanangu."

Akarudia. Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Jumanne ya wiki hiyohiyo Mama Simu alikuwa amezungumza kwa simu na mwenye majina hayo matatu, mhitimu wa kozi ya majokofu na viyoyozi, na mtu huyo alimwambia kwa sauti ya kuchoka kwamba tangu amalize chuo, miaka miwili iliyopita, hajawahi kushika hata bisibisi ya mtu.

"Mimi na wewe tuliongea Jumanne," alisema Mama Simu.

"Jumanne? Hapana, mama. Jumanne nilikuwa juu ya paa la hoteli kutwa nzima, nafunga viyoyozi. Simu nilimwachia msaidizi wangu."

"Una msaidizi?"

"Ninao wawili. Kazi zimenizidi."

"Namba umebadilisha lini?"

"Sijabadilisha tangu nikiwa chuoni. Nikibadilisha, wateja watanipata wapi?"

Alitambaa akatoka, akaweka sikio kwenye ubavu wa friji kama daktari, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Friji ikanguruma vizuri. Mama Simu hakuwa na habari nayo tena. Alikuwa amelinganisha namba aliyopewa na ile aliyoipiga Jumanne, na hazikufanana hata kidogo. Kuna mtu alikuwa ameyachukua majina ya kijana huyu na kuyatumia kusema uongo.

Kazi ya Mama Simu chuoni ilikuwa kufuatilia wahitimu. Kila mwaka aliwatafuta waliomaliza miaka miwili nyuma, awaulize wanafanya nini, na kama chuo kiliwafaa au kiliwapotezea muda. Kuna wanaodhani hiyo ni kazi ya kukaa na kupiga soga. Wajaribu. Mhitimu hubadilisha laini, huhama, huolewa, na akiona namba ngeni hudhani anadaiwa. Mama Simu hakuwa mtu wa kukata tamaa. Yuko mhitimu aliyempata kupitia mama mkwe wake, na huyo mama mkwe alimpata kupitia fundi cherehani wake. Wenzake walimcheka, lakini ripoti yake ilipotoka hakuna aliyethubutu kuibishia.

Mwaka huu ripoti hiyo ilikuwa msiba kwa kozi moja. Wahitimu wa majokofu wengi hawakupatikana, na waliopatikana, wote, hawakuwa na kazi. Alhamisi kamati ingekaa kuifunga kozi, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wangetawanywa. Mmoja wao alikuwa binti wa marehemu mdogo wake Mama Simu, binti ambaye Mama Simu alimlea mwenyewe tangu utotoni. Binti huyo alishafungua pasi, redio na feni zote za nyumbani kabla hajajiunga na chuo. Friji tu ndiyo iliyonusurika, tena kwa vitisho. Sasa alikuwa mahali anapopapenda, na aliyekuwa amepeleka habari ya kumwondoa hapo ni mama yake mkubwa, kwa mkono wake mwenyewe. Jambo hilo lilimchoma Mama Simu, na hakulala vizuri hadi Jumatatu.

Jumatatu saa mbili asubuhi alikuwa mbele ya mkuu wa chuo.

"Nakuamini," alisema Mkuu baada ya kumsikiliza. "Lakini una mtoto pale. Ukisema namba zimechezewa, siku tatu kabla ya kamati, watasema mama mkubwa kapika takwimu."

"Kwa hiyo ninyamaze?"

"Niletee mtu. Dhana siwezi kuipeleka kwenye kamati."

Wa kwanza kumjia akilini alikuwa mwalimu wa kompyuta, maana kozi ikifungwa, karakana ingekuwa yake. Alimkuta humohumo karakanani, na futi ya kupimia mkononi.

"Unachimba kaburi kabla mgonjwa hajafa?"

"Napima nafasi ya meza, dada. Kompyuta zangu zinaenea hapa vizuri."

"Nani aligusa namba za wahitimu wa majokofu?"

"Unaniuliza kama askari."

"Nakuuliza kama mtu aliyekukuta na futi."

Mwalimu wa kompyuta akacheka, wala hakuonekana kuudhika. "Chumba nakitaka, nilisema kwenye kikao na wewe ukiwepo. Mwenye la kuficha hapimi mchana, milango wazi. Na wakati namba zinakusanywa mimi nilikuwa ziarani na wanafunzi. Wewe mwenyewe ulituaga getini, ukaniagiza nikuletee mkoba."

Ilikuwa kweli, na mkoba wenyewe ulikuwa begani kwa Mama Simu. Mama Simu akaenda kwa karani wa usajili, ambaye aliwahi kugombana na watu wa majokofu kuhusu maegesho ya pikipiki hadi wakaacha kusalimiana.

"Mimi naingiza ninacholetewa," alisema karani. "Vijana hubadilisha laini kila kukicha, kwa hiyo kila mwalimu huniletea namba mpya za watu wake. Sasa kama unadhani kwa ugomvi wa pikipiki ningekaa nitunge namba, basi hujui nilivyo mvivu."

Uvivu wake chuo kizima kiliufahamu. Mama Simu akamwondoa kwenye washukiwa wake.

Kwa Mwalimu Barafu alikwenda si kwa kumshuku bali kumpa pole. Huyu ndiye aliyekuwa mwalimu wa majokofu, mzee mwenye vidole vyenye makovu ya gesi, aliyewafundisha nusu ya mafundi wa mji. Kozi ikifa, jina lake lingekufa nayo. Mzee alimvutia kiti chumba cha walimu.

"Kuna mtu kakuchezea, mwalimu. Nimempata mhitimu wako mmoja, kazi zimemzidi."

Mzee alikoroga chai yake muda mrefu. "Umempata mmoja mwenye kazi, dada. Mmoja si wote. Soko limejaa, mimi nimeshakubali. Watanihamishia kozi ya umeme, mshahara uleule, ningoje kustaafu. Na huyo binti yako umlete hukohuko umeme. Nitamshika mkono mwenyewe."

Mama Simu alitoka pale machozi yakimlengalenga kwa wema wa mtu yule.

Jumanne alasiri alijifungia ofisini na visikilizio masikioni. Simu za ufuatiliaji zote hurekodiwa, naye alizirudia polepole kama mtu anayechambua mchele. Siku alizopiga, sikio lilikuwa limechoka kwa wingi wa watu, leo lilisikia. Wahitimu wote wale walikuwa watu wawili. Mmoja alikuwa na sauti nene, wa pili alivuta maneno, wakapokezana majina. Nyuma yao kulikuwa na mngurumo ulioanza, ukadumu kidogo, ukakatika kwa kishindo, kisha ukaanza tena. Mara ya kwanza aliudhani ni ubovu wa laini.

Ila kilichomfanya avue visikilizio kilikuwa kingine. Mwishoni huwa anamuuliza mhitimu anasemaje kuhusu mwalimu wake. Katika miaka yake yote kwenye kazi ile, asiye na ajira alimlaumu mwalimu: alikuwa hafiki darasani, katufundisha ya zamani, ametuponza. Hawa hawakuwa na kazi na bado walimsifu. Mwalimu wetu hana kosa. Mwalimu wetu hana mfano. Mngekuwa na kumi kama yeye.

Mama Simu alisimama dirishani. Anayetaka kuiua kozi hudai mafunzo ni mabovu, ndiyo njia fupi. Huyu alitaka kozi ife na mwalimu asifiwe mazishini. Ni nani angejali sifa za Mwalimu Barafu kiasi hicho? Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia, na moyo ukamuuma kwa sababu alimpenda mzee yule.

Alimpigia fundi.

"Mazoezi ya kazi mlifanyia wapi, mwanangu?"

"Dukani kwa mwalimu, mama. Nyuma ya kituo cha mafuta."

"Bado lipo?"

"Lipo, ila kumepoa. Ile hoteli ilikuwa mteja wake. Sikumnyang'anya, mama, waliniita wenyewe. Nikipita pale huwa naona haya."

"Na wenzako unazo namba zao? Za kweli?"

"Ninazo. Kazi zikinizidi nawagawia."

Jumatano Mama Simu alishinda kwenye simu tangu asubuhi. Saa kumi jioni aliingia dukani nyuma ya kituo cha mafuta, Mkuu akiwa nyuma yake, wakaangalia friji zilizotumika kama mke na mume wanaotafuta ya bei nafuu. Kaunta ilikuwa na vijana wawili wasiowafahamu. Kwenye kona mota ya majaribio ilinguruma, ikadumu kidogo, ikakatika kwa kishindo. Mama Simu akatia mkono mkobani, akabonyeza namba aliyoipiga Jumanne ile ya kwanza.

Juu ya rafu kulikuwa na simu ndogo kadhaa, kila moja imebandikwa jina. Moja ikaita. Kijana mmoja akaisoma, akaipokea.

"Haloo," ilisema sauti nene.

Mama Simu akamgeuzia mgongo. "Naongea na nani?"

Kijana akataja majina matatu ya fundi, bila kusita. Kisha akatambua kwamba sauti anayoisikia sikioni inasikika pia mbele yake, akaishusha simu polepole kama yai.

Mwalimu Barafu alitoka chumba cha nyuma akijifuta mikono kwa kitambaa. Aliwatazama wote, akakaa juu ya kasha la kompresa.

"Waacheni vijana," alisema. "Niliwatuma mimi."

"Kwa nini?" Mkuu aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya mwanafunzi zaidi kuliko ya mkuu. "Kozi yako mwenyewe, mwalimu?"

"Tazama duka hili, Mkuu. Umemwona mteja tangu uingie? Kila mwaka natoa mafundi, wanabaki mji huuhuu. Na nimewapa kila ninachokijua. Wenzangu wengine huficha kidogo, wajiwekee akiba. Mimi sijui kufundisha nusu." Alikikunja kitambaa. "Sasa kiyoyozi kikiharibika wanamwita mwanafunzi wangu. Anafika kabla sijavaa viatu. Nikaona kisima kizibwe, angalau wasiongezeke."

"Ungewaacha hawa wakutukane," alisema Mama Simu. "Nisingejua kamwe."

"Hilo lilinishinda."

Mama Simu alikuwa amekuja na hasira za mzazi, na bado alikuwa nazo. Lakini alimtazama mzee yule akaona pia ndiye mwalimu bora kuliko wote aliowahi kuwafuatilia, na vitu hivyo viwili vikakataa kutengana.

"Umewapata wenyewe?" Mwalimu Barafu aliuliza.

"Karibu wote."

"Wanafanya nini?"

"Bado sijui vizuri. Wengi wameniambia niwapigie jioni, wako kazini."

Mzee alitabasamu kabla hajajizuia, kisha akainamisha uso.

"Kesho kamati itayasikia yote," alisema Mkuu. "Kozi haifungwi. Na wewe, mwalimu, hutaingia tena kwenye karakana ile."

"Sawa. Ni haki." Akainua kichwa ghafla. "Na mwaka wa kwanza? Wako kwenye kuunganisha mabomba ya gesi. Hapo huwezi kuwaacha, wataungua. Nani atawafundisha?"

Mama Simu akamwona akilini binti yake akiwa na bomba la gesi mkononi. "Tutamtafuta mmoja wa wanafunzi wako," alisema.

Mwalimu Barafu aliitazama ile simu ndogo iliyobaki kwenye kaunta, iliyobandikwa jina la fundi. Vijana wake wawili walikuwa wakimsikiliza.

"Mchukueni huyo," alisema hatimaye. "Ana haraka kidogo. Lakini mkono wake ni mzuri kuliko wangu."

Mkuu alitaka kujibu, Mama Simu akamzuia.

"Na mkimwambia," alisema mzee, "mwambieni nimesema mimi."