Albamu Isiyo na Mlango Wake

Dada yangu alikuwa fundi cherehani. Akishona, alijirekodi akimsimulia binti yake hadithi, huku cherehani kikinguruma. Rekodi zote aliziweka kwenye albamu ya mtandaoni, simuni akazifuta. Kuingia humo alibonyeza kitufe kimoja tu, cha akaunti yake ya mtandao wa kijamii. Nilipomshauri aweke nywila, alicheka. Kichwa chake kimejaa vipimo vya viuno vya watu, alisema, nywila ikae wapi?

Aliugua miezi minne, akafariki. Hata wodini alirekodi.

Baada ya mazishi, watu waliendelea kuandika kwenye ukurasa wake. Mteja mmoja, asiyejua msiba, aliuliza gauni lake litakwisha lini. Shemeji, mume wa dada, aliusoma ujumbe huo. Kesho yake aliomba akaunti ifutwe, marehemu apumzike. Ikafutwa. Sote tulimshukuru.

Jumapili mtoto akataka kusikia sauti ya mama yake. Shemeji alifungua albamu, akabonyeza kitufe kilekile. Jibu likaja: akaunti haipo.

Tulikwenda kwa jirani yetu, fundi simu. Aliuliza kama albamu iliwekewa barua pepe na nywila yake. Haikuwekewa.

"Kaka," alimwambia shemeji taratibu, "albamu hii haikuwa na mlango wake. Mlikuwa mnapitia nyumba nyingine, na nyumba hiyo umeibomoa."

"Nilitaka wamwache apumzike."

"Najua, kaka."

Fundi aliwaandikia wenye huduma ya albamu, akaambatisha cheti cha kifo. Tulisubiri wiki sita. Walijibu kwamba hawawezi kuthibitisha albamu ilikuwa ya nani.

Basi akatufundisha. Kila huduma tuipe barua pepe na nywila yake. Vitu vya thamani tuviwekee nakala mahali pengine. Na kabla ya kufuta akaunti, tuangalie kwanza kwenye mipangilio ni huduma zipi zinaitegemea. Tulifanya hivyo wote. Mwezi uliopita akaunti yangu ya mtandao wa kijamii iliibwa, lakini picha zangu zilifunguka kama kawaida.

Rekodi za dada hazikurudi. Yule mteja alipokuja kutoa pole, tulikuta kwenye simu yake ujumbe mmoja wa sauti aliotumiwa na dada. Fundi aliunakili mahali patatu.

Mtoto huusikiliza kila asubuhi kabla ya shule. Cherehani kinanguruma, kisha mama yake anasema, "Nivumilie kidogo, mpenzi. Sijakusahau."