Naenda, Sirudi

Asubuhi ile Fusae alifua shuka, akaweka bakuli la wali wa moto mbele ya picha ya marehemu mama mkwe wake, akafunga sanduku. Mdogo wake, Mutsuko, alikuwa amempatia chumba Sendai na kazi kwenye duka la mikate. Fusae alikuwa mjane asiye na mtoto, na alikuwa amemtumikia mama mkwe huyo, Bibi Tokuyo, miaka kumi na tisa. Hata majirani, ambao hawana dogo, walikubali kwamba sasa ana haki ya kuondoka.

Akaketi mlangoni, pale panapovuliwa viatu, akavaa vyake. Kisha, bila kufikiri, akasema maneno ambayo kila mtu wa kule huyasema akitoka nyumbani, tangu utotoni.

"Naenda, narudi."

Ndani hakukuwa na mtu. Lakini kutoka chumba chenye picha sauti ikajibu, kama desturi ilivyo: "Haya, nenda urudi."

Fusae alitimua mbio hadi kituoni. Theluji ilikuwa imefunga reli. Jioni akarudi.

Wiki iliyofuata maneno yakamponyoka tena, na sauti ikajibu. Akateguka mguu kwenye ngazi za kituo, wakamrudisha kwa teksi. Mara ya tatu homa ilimwangusha ndani ya treni, akarudishwa tena.

Mutsuko akapiga simu, amefura. "Dada, mwenye chumba anataka jibu Jumamosi. Unakuja, au nimpe mtu mwingine?"

"Nakuja."

"Umeshaniambia hivyo mara tatu!"

Fusae aliitazama picha, akaelewa. Kila alipotoka alikuwa akiahidi kurudi, na mle ndani alikuwemo mtu wa kumbana kwa ahadi yake. Aliogopa, ndiyo. Lakini hasira ilizidi. Mtu amekufa, amechomwa, majivu yake yamezikwa, na bado anamtuma!

Jumamosi ikafika. Mchana, jua linawaka. Wali hakuweka.

Akaketi. Akavaa kiatu cha kulia. Maneno yakamjia mdomoni, akayameza.

Nyumba ikanyamaza.

Akavaa cha kushoto. Ubao wa ukumbi ukalia nyuma yake. Ukalia mwingine, karibu zaidi. Ikaja harufu ya dawa ya kuchua. Mkono wa baridi ukamshika kifundo cha mguu.

"Sema," sauti ikanong'ona.

"Sisemi, Mama."

"Mkwe mwema husema."

"Mkwe mwema alikulisha kwa kijiko, akakuosha, nawe ukamwita mvivu mbele ya wageni. Huyo amekwisha." Akashika mwimo wa mlango. "Naenda. Sirudi."

Vidole vikakaza. Akauvuta mguu kwa nguvu zote. Ukachomoka.

Mlango hakuufunga. Anayesikia baridi na aufunge mwenyewe.

Treni ilifika Sendai kwa wakati.

Huu ni mwaka wa sita. Kwenye bafu la umma la mtaani kwao, wanawake huona alama tano nyeusi kwenye kifundo chake, na kwa adabu hugeuza macho. Daktari ameshindwa kuzieleza wala kuzifuta. Fusae hazifichi. Huunyoosha mguu juu ya ukingo, kila mtu auone.

Juzi bibi mmoja alithubutu. "Pole, mwanangu. Nani kakufanyia hivyo?"

"Mama mkwe wangu, bibi," Fusae akasema, akijimwagia maji ya moto. "Alijaribu."