Kuvu Chini ya Rangi

Doa lenyewe lilianza dogo tu, la kufunika kwa kidole gumba, ukutani pale kilipoegemea kitanda cha mtoto. Fundi rangi aliliona asubuhi ya mvua akitafuta kiatu cha bintiye, akalifuta kwa kiganja. Kesho yake likarudi, tena limekuja na wenzake.

"Kuvu hiyo," mkewe akasema. "Isafishe, ukuta ukauke, ndipo upake rangi. Si ndivyo unavyowaambia wateja?"

Ndivyo alivyowaambia, naam. Lakini mvua ilikuwa haikatiki, nguo zinaanikwa ndani, dirisha limefungwa kutwa, na jirani mwenye mdomo ameshachungulia. "Makubwa haya! Nyumba ya fundi rangi ina upele!" Jamani, aibu ni kitu kibaya. Siku hiyohiyo fundi akaikwangua kuvu kavukavu, vumbi likatimka chumba kizima, akapaka rangi nyeupe juu ya unyevu. Ukuta ukang'aa, akajisifu mpaka mkewe akachoka kumsikiliza.

Bintiye walimwita Chiriku kwa sababu alianza kuongea kabla hajafumbua macho. Baada ya rangi ile akaanza kukohoa, na maneno yakapungua. Zahanati wakampa dawa ya maji. Dawa ikaisha, kikohozi kikabaki.

Alasiri moja mkewe alikwenda sokoni, fundi akaketi kando ya kitanda. Chumba kilinuka nguo zilizolala na maji. Chiriku akakohoa. Ukuta nao ukakohoa.

"Umemsikia, baba?" mtoto akanong'ona. "Huwa ananiiga."

Fundi akainuka. Akabandika sikio ukutani, na rangi ilikuwa laini, ina uvuguvugu, inavimba na kunywea, inavimba na kunywea, sawasawa na kifua cha mwanawe, na alipojitoa rangi ikabanduka ikimgandia shavuni, na chini yake lile doa halikuwa doa tena bali mdomo mweusi ulioachama, unavuta pumzi ndefu isiyokwisha, huku kitandani Chiriku amekatika pumzi, macho yamemtoka, mikono inapapasa hewani ikimtafuta baba yake. Akamkumbatia, akakimbia naye mvuani akipiga kelele.

Mganga aliyeitwa, mama mmoja mkali, aligoma kuingia. Alisimama mlangoni amejifunga kitambaa puani.

"Nani amelifunika?"

"Mimi," fundi akajibu.

"Hilo ni jini la unyevu. Lilikuwa linapumulia ukutani. Umeliziba, limetafuta pua nyingine."

Akawaagiza. Mtoto atolewe chumbani. Dirisha liwe wazi, pua na mdomo vifungwe. Lisikwanguliwe kavu tena, maana kila chembe ya vumbi ni mtoto wake. Plasta ilowanishwe kwanza, ing'olewe yote iliyooza, ikatupwe mbali. Na nyuma ya ukuta huo kuna bomba linavuja, lizibwe, la sivyo wanajisumbua bure.

"Litaondoka, mama?"

"Ukutani litaondoka," mganga akasema, akaangalia pembeni.

Fundi alifanya yote, hakuruka hata moja. Mvua ikakatika, ukuta ukakauka, kikohozi kikakoma. Mkewe alilia kwa furaha siku walipomrudisha Chiriku chumbani kwake. Jirani alikuja kuona, safari hii hakucheka.

Asubuhi iliyofuata fundi alifungua dirisha lote, jua likaingia mpaka kitandani.

"Hewa safi hiyo, mwanangu. Unaisikia?"

Chiriku alikuwa macho, kimya, anamtazama.

"Funga dirisha, baba," akasema taratibu. "Hatupendi hewa."

"Hampendi? Wewe na nani?"

Mtoto aligeukia upande wa pili, na kwenye mto, pale alipokuwa akipumulia usiku kucha, palikuwa na doa jeusi la kufunika kwa kidole gumba. Fundi alilitazama sana. Kisha akalifuta kwa kiganja, maana hakujua afanye nini kingine.